Kabla ya kusuka mota, tuonyeshe stata

Mteja wetu mmoja wa Mikindani aliunguliwa na mota ya mashine ya kusaga mara 2, tukaisuka, yaani tukaiwekea koili (nyaya za shaba za ndani) mpya. Ya tatu tulikataa. Tulimwambia, kaka, tuletee na stata yake kwanza, yaani kiwashio cha mota.

Koili zenyewe zilikuwa zimeshasema. Za fezi moja (moja ya njia tatu za umeme wa mota) zilikuwa nyeusi kama mkaa, za fezi mbili bado zinang'aa vanishi. Mota iliyofungwa delta, yaani seti zake tatu za koili zimeungwa pembetatu, ikikosa fezi moja huku inazunguka, huunguza hivyo. Ingekuwa imefungwa sta, yaani seti hizo zimeungwa pamoja katikati kama nyota, zingeungua seti mbili.

Stata yake ni ile ya zamani ya mkono. Unasukuma mpini mota ianze kwa sta, ikishika kasi unaugeuza iende delta. Kwenye sta kila koili hupata volti 230 badala ya 400, na umeme unaovutwa kwenye laini hushuka hadi theluthi moja. Ukiiwasha moja kwa moja, mota huvuta mara 6 hadi 8 ya ampia zake za kawaida.

Ndani ya stata tulikuta kidole kimoja cha shaba, kile kinachogusa na kupitisha umeme, kimeliwa, hivyo fezi moja ikawa inakatika. Hewa ya chumvi ya pwani yetu haina huruma na shaba. Lakini kilichotusikitisha zaidi ni ovalodi, kile kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa. Mota ni ya kilowati 15, kibao chake cha maelezo kinasema ampia 29, na ovalodi ilikuwa imewekwa 29. Kumbe imefungwa ndani ya delta, ambako kila koili hupitisha asilimia 58 tu ya umeme wa laini. Ilitakiwa 17. Koili iliungua ovalodi ikiwa imetulia.

Wengi huambiwa watupe stata hizi. Sisi hatukubali: kidole cha shaba kinachongeka hapahapa Mtwara, na vilivyochafuka tunavisugua kwa tupa laini. Ncha za fedha za kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) hatuzipigi tupa, kwa sababu weusi wake unapitisha umeme na kuukwangua ni kuimaliza fedha bure.

Ndugu mteja, ukileta mota, leta na stata. Weka alama kwenye kila waya kabla ya kuufungua, na kibao cha mota usikipake rangi. Stata ikiwa imejengewa ukutani, zima swichi kuu, tutakuja kuipima hukohuko.