Kwa mdogo wangu aliyepunguzwa gazetini

Mdogo wangu,

Jambo yako sana, toka Katuba, hapa Lubumbashi. Shemeji ndiye aliyeniambia, tena bila kukusudia. Nilimpigia kuuliza habari za watoto, akasema wanafurahi kwa sababu siku hizi mama yao yupo nyumbani. Nikauliza: nyumbani vipi, katikati ya wiki? Akanyamaza kidogo, halafu akamwaga yote. Kwamba huu ni mwezi wa tatu tangu gazeti lipunguze watu. Kwamba mliitwa mmoja mmoja, ukapewa barua ya ukurasa mmoja, ukatoka na mfuko wako. Na kwamba ulimkataza kutuambia.

Nimeamua kukuandikia mbele za watu, ingawa najua hutapenda. Jina lako silitaji, wala la gazeti. Lakini wenzako mlioondoka siku moja nao wamejifungia ndani, na najua wapo wengine Goma na Nairobi wanaoamka asubuhi na kuvaa nguo za kazi ili majirani wasiulize. Barua hii ni yao pia.

Nianze na lenye haraka. Nimesoma sheria ya huko kwenu Tanzania, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, kisha ashauriane nanyi: kama kuna njia ya kuepuka, watu watachaguliwaje, watalipwa nini. Kwa maneno ya shemeji, ninyi hamkushauriwa, mlitangaziwa. Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30, mdogo wangu, na wewe umekaa kimya miezi mitatu! Ipo fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, lakini itabidi ueleze kwa nini ulichelewa, na sidhani kama "niliona aibu" litatosha. Nenda wiki hii. Nenda na wenzako.

Hesabu pia kiinua mgongo chako. Sheria inasema si chini ya mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na mwisho ni miaka kumi. Umefanya kazi miaka 14, lakini unahesabiwa 10. Siku sabini. Nilipopiga hesabu hiyo niliweka kalamu chini, nikatoka nje kupunga hewa.

Sasa hilo la aibu. Wewe umekulia Lubumbashi, mji huu unajua kuachishwa kazi kuliko miji mingi. Kati ya 2003 na 2004 Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba, ilipunguza wafanyakazi 10,655 kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na mpango wenyewe uliitwa kuondoka kwa hiari. Hata mama wasiojua Kifaransa walijua kulitamka neno lile: depa-volontere. Wewe ulikuwa bado shuleni. Mimi nakumbuka wazee mtaani kwetu waliopokea pesa kwa mkupuo mmoja baada ya kudai mishahara miezi na miezi. Mmoja alinunua basi dogo lililokufa kabla ya mwaka kwisha. Mwingine alilipa madeni tu, zikaisha. Lakini aliyeniumiza zaidi ni yule mzee wa nyumba ya kona, fundi wa umeme, mtu wa mikono ya dhahabu. Alijiona kama kitu kilichotupwa. Aliacha kusalimia. Vijana wa mtaa walikuwa wanamhitaji awafundishe ufundi, naye akakaa nyuma ya pazia mpaka tulipomzika. Hakuna aliyemwambia kwamba bei ya shaba na ubovu wa mitambo havikuwa kosa lake.

Kwa hiyo mimi nakuambia wewe: hukupunguzwa kwa sababu unaandika vibaya. Matangazo yaliyokuwa yanalipa mishahara yenu yamehamia Google na Facebook, na msomaji wa kichwa cha habari anamaliza kila kitu kwenye simu bila kununua nakala. Haya hayakuanzia Dar es Salaam. Huko Marekani, kituo cha utafiti cha Pew kilihesabu watu wapatao 71,000 katika vyumba vya habari vya magazeti mwaka 2008. Mwaka 2020 walibaki wapatao 31,000. Mwezi wa tano 2013 gazeti la Chicago Sun-Times liliachisha wapiga picha wake wote kwa mara moja. Mmoja wao alikuwa John H. White, mshindi wa Pulitzer ya 1982, tuzo kubwa ya uandishi wa habari huko. Waandishi waliobaki wakaambiwa wapige picha kwa simu. Kama mtu wa namna ile aliondolewa, usijiulize usiku kucha ni sentensi gani uliikosea.

Kuna jambo moja ninaloliogopa kuliko njaa. Shemeji anasema umeshapigiwa simu na watu wanaotaka uwaandikie "kidogo kidogo", bila mkataba, bila bei, na kwenye shughuli zao "utaangaliwa". Pesa hiyo ya kumpa mwandishi huko mnaiita bahasha. Hapa ni kupaji, na unajua imefanya nini. Mwandishi wa mji huu asiyelipwa mshahara anaenda kwenye mkutano wa mheshimiwa kwa miguu, anasubiri hadi mwisho apewe nauli, na habari inatoka vile mtoa nauli alivyoitaka. Siwahukumu, wana watoto kama wewe. Lakini wewe uliwahi kurudisha bahasha ukiwa na mshahara, na sasa huna. Tafadhali, kabla ya kuipokea hata moja, niambie unadaiwa kodi ya nyumba kiasi gani. Mshahara wangu wa ualimu ni mdogo na unachelewa, lakini tupo watano tuliozaliwa na mama mmoja. Tutachanga.

Na daftari zako usizitupe. Shemeji anasema umezifunga kwenye gunia, zipo chini ya kitanda. Nani mwingine anayejua kesi ipi pale mahakama ya Kisutu imeahirishwa mara ngapi, na kwa sababu gani kila mara? Mashahidi gani walikuja siku tatu wakarudishwa, siku ya nne wakachoka? Hayo hayapo kwenye kompyuta ya gazeti. Walipokuondoa hawakukuomba umwachie mtu, na leo kwenye benchi la nyuma mahakamani pengine hakuna mtu aliyefungua daftari. Mimi nafundisha historia; najua tunavyohangaika kutafuta karatasi za miaka ambayo hakuna aliyeandika. Ziandike tarehe kwenye majalada, uzifunge kwa nailoni, zisipate maji masika yakija. Ukikosa mahali, zitume kwangu.

Maana gari za kutuma zipo. Yule dereva wa lori wa Kasumbalesa, kule mpakani, aliyekuwa akituletea gazeti kila anaporudi kutoka bandarini, bado anapita. Mama anazo kurasa zako zote kwenye sanduku la vitenge. Hasomi haraka siku hizi, macho, lakini jina lako analitafuta kwa kidole hadi alione, ndipo anakaa kula bukari yake, ugali wenu.

Ameniuliza mara mbili kwa nini dereva amekuja mikono mitupu. Mara ya kwanza nilisema amesahau. Mara ya pili sikusema kitu, nikamwambia tu kwamba utampigia Jumapili baada ya misa. Atakuwa na simu mkononi.

Yaya wako, mkubwa wako