Sarafu ya tembo wa Tabora

Uyole, Mbeya

Ndugu yangu Ambakisye,

Salamu nyingi za huku. Sisi ni wazima, viazi vimetoka vizuri, baridi tu ndiyo imetukamata. Mama anakusalimu na anauliza lini utawaleta watoto. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye sonara ninayemwamini, na jambo lenyewe ni la dhahabu.

Kuna mzee wa Tukuyu anauza sarafu ya rupia 15 ya mwaka 1916. Anataka milioni saba. Ni ile ya tembo aliyenyanyua mkonga, nyuma yake milima, na upande wa pili tai wa Mjerumani. Zilipigwa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati Waingereza wamewafungia Wajerumani njia ya bahari, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Singida. Zilitoka elfu kumi na sita na ushee tu, kisha Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Ambakisye, naitaka sana. Dhahabu ya udongo wetu, ikapigwa hukuhuku kwetu! Kuishika tu mkononi kulinisisimua.

Sasa shida ni kwamba haijapimwa daraja. Zilizopimwa na PCGS au NGC, kampuni za kupima sarafu kule Marekani, hupewa alama ya ubora kati ya 1 na 70, zikafungwa kwenye kasha la plastiki lenye namba. Hii imefungwa kitambaani. Mzee anasema babu yake aliipata alipokuwa mpagazi wakati wa vita. Simwiti mwongo, na namheshimu, lakini bei anayotaja ni ya sarafu iliyokwisha thibitishwa.

Niliisogeza dirishani nikaitazama kwa lenzi. Uso wote unang'aa sawasawa, na kuna mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, hata ndani ya mikunjo ya sikio la tembo. Hiyo imesuguliwa. Kisha ukingoni, juu ya mgongo wa tembo, pana sehemu imelainika kidogo, kama vile palilehemewa kipete cha kupitishia mkufu halafu kikatolewa. Ikiwa ndivyo, wapimaji hawaipi daraja kamili. Watasema ni halisi ila ina dosari, na thamani yake hushuka hapohapo.

Uzito wake unatakiwa uwe gramu 7.168, dhahabu ya karati 18, maana yake dhahabu safi ni kama gramu 5.4. Wewe unajua bei ya gramu leo. Ukizidisha utaona milioni saba iko mbali kiasi gani. Sumaku haitanisaidia, kwa kuwa hata shaba nyekundu na ya njano hazivutwi nayo. Nataka kuining'iniza majini kwa uzi: ikiwa ni ya karati 18 uzito utapungua chini kidogo ya nusu gramu, na ikiwa ni ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye uzito huohuo, utapungua zaidi ya robo tatu ya gramu. Baadaye twende nayo soko la madini Chunya wakaipime kwa mashine.

Hata hivyo kuna linaloninyima usingizi. Waghushi wengine hutumia dhahabu halisi. Mizani na mashine zitaniambia ni dhahabu. Hazitaniambia kama ilipigwa Tabora. Kwa hiyo nimekata shauri: nitampa mzee bei ya dhahabu iliyomo, na nyongeza kidogo kwa heshima ya babu yake. Nyongeza hiyo ndiyo pesa ninayokubali kuipoteza. Akikataa, nitamwachia sarafu yake, ingawa itaniuma.

Naomba basi unitumie ile mizani yako ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Mpe kondakta wa basi la asubuhi kutoka Iringa, nitaipokea stendi ya Nane Nane. Na kama umewahi kuishika sarafu hii yenyewe, niandikie ukingo wake ulivyokuwa, nilinganishe kabla sijarudi Tukuyu.

Wako,
Gwakisa