Barua kwa mwanangu Somoe, kabla ya safari ya mashindano ya briji Nairobi

Chuno, Mtwara
Jumanne usiku

Mwanangu Somoe,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, ni mguu wa baba yako tu unaosumbua tangu kusi ianze kuvuma. Barua hii inakuja ndani ya boksi la korosho, nimeizungushia kanga ya kijani isilowe, na boksi litapanda basi la alfajiri. Ningeweza kupiga simu, lakini Jumapili ulinikatiza mara tatu, na ya nne nikaanza kulia, ukadhani naumwa. Kwa hiyo naandika.

Habari za nani alikufundisha kushika karata 13 kwa mkono mmoja bila kuziangusha nitaziruka, unazijua. Nataka tuzungumze mgao mmoja tu, ule wa Jumamosi. Ulivyonieleza nimeuandika nyuma ya kalenda, nisije nikakuonea.

Ulifungua mnada kwa shupaza moja. Wa kushoto kwako akanadi kopa mbili. Rehema, mwenzako, akakuunga, shupaza mbili. Wa kulia akapandisha, kopa tatu. Wewe ukapasi. Wa kushoto akaenda kopa nne. Hapo Rehema akakaa akifikiri. Akazilaza karata zake, akazinyanyua tena, akapeleka mkono kwenye kisanduku cha kunadia, akaurudisha, mwisho akatoa ile kadi ya kijani ya kupasi. Wa kulia akapasi. Wewe ukaweka shupaza nne, ukacheza, ukala mara kumi kama ulivyoahidi. Ndipo wakamwita mwamuzi, akafuta dau lako kana kwamba mliwaachia kopa nne yao, na badala ya kupata 420 mkaandikiwa mmetoa 420.

Mkononi ulikuwa na shupaza tano zinazoongozwa na ree na mfalme, kopa mbili ndogo, uru tatu zenye mfalme na jeki, pau tatu zenye bibi. Pointi 13 za karata kubwa, na rangi zimegawanyika karibu sawa, zimelala bapa. Karata za namna hiyo zinafungua mnada, halafu zinatulia. Wewe mwenyewe ulizituliza ulipopasi kopa tatu. Sasa niambie, mama, kati ya pasi yako na dau lako la shupaza nne, kitu gani kiliongezeka mkononi mwako? Karata zilikuwa zilezile. Kilichoongezeka ni kule kukaa kwa Rehema.

Ulinijibu, "Mama, hata angepasi upesi ningenadi." Nakuamini kwamba unaamini hivyo, na ndiyo maana silali. Mtu akijua kwamba ameiba, ipo siku ataacha. Lakini mtu ambaye masikio yake yamesikia kusita kwa mwenzake, na moyo ukamwambia kwamba wazo hili ni la kwangu, huyo atarudia Nairobi, na atarudia kila aendako, huku akiwakasirikia waamuzi. Sheria ya briji haikuulizi ulichokuwa nacho moyoni. Inauliza mambo mawili: je, mchezaji wa kiwango chako angeweza kupasi kwa haki kabisa? Na je, kusita kwa mwenzio kulikuelekeza kule ulikokwenda? Yote mawili yakiwa ndiyo, wewe unapasi. Hata ukijua utakosa. Rehema akisita na ukaona kunakupendelea upande mmoja, upande huo ndio umefungwa kwako.

Na hata tukiacha mambo ya haki, dau lenyewe halikuwa zuri. Wewe shupaza tano, yeye kwa kukuunga mara moja ana tatu, jumla nane. Kwa turufu nane watu hushindana mpaka ngazi ya pili, kwa tisa ya tatu, kwa kumi ndiyo wapande ya nne. Bibi wa shupaza alikuangukia, na ree ya uru ilikuwa mahali ulipoiombea. Mwanangu, usijenge nyumba juu ya bibi aliyeanguka mara moja. Kunadi ni kama mnada wa korosho, umekulia humo: anayetaja bei kubwa ili tu asipitwe, ghala lote linamjua, na siku ya kulipa anatafutwa.

Lakini la kunadi ni dogo, utajifunza. Linalonikaa kooni ni lile ulilolisema mwishoni, kwa sauti ya chini, kana kwamba si kitu. Mwamuzi alipouliza kama kulikuwa na kusita, Rehema alisema hapana. Akakugeukia wewe. Wewe ukanyamaza.

Somoe, ulinyamaza. Mimi umeniambia alikaa "kama dakika hivi". Wale wawili pale mezani hukuwaambia hata nusu yake.

Nimemwambia baba yako, akasema nisikusumbue kabla ya safari, mwamuzi alikuonea, na mtoto wa watu akibanwa ana haki ya kukaa kimya. Anasema hivyo mtu ambaye, enzi zile wanunuzi wakitumbukiza bei zao kwenye boksi na karatasi zikafunguliwa mbele ya wakulima, alikuwa anasimama na kufoka bei mbili zikikaribiana mno. Alikuwa anauliza mbele za watu wote nani kamkonyeza nani. Kwa binti yake macho yamekuwa laini.

Usidhani mchezo huu una kinga ya kukukinga na nafsi yako. Kwenye mashindano makubwa wanaweka pazia katikati ya meza, kukata kona hadi kona, ili usimwone mwenzio uso. Walipoanza kuliweka kwenye mashindano ya dunia kule Bermuda mwaka 1975, palepale wachezaji wawili wakaonywa kwa kugusana miguu chini ya meza. Wakubwa wakaanza kuziba na huko chini. Pazia linazuia macho, na kwenye meza za kawaida, ambazo ndizo utakazozikalia mara nyingi, hata hilo hakuna. Upo wewe na Rehema, na watu wawili waliokuamini wakakaa.

Kuna Mnorwe mmoja anaitwa Boye Brogeland. Mwaka 2015 alitoka hadharani akasema wapo wachezaji wakubwa wanaoiba kwa ishara, na wawili kati yao walikuwa wamewahi kuwa timu moja naye. Walichunguzwa kwa picha za video, mgao mmoja baada ya mwingine. Ninachokipenda mimi ni kwamba mataji aliyoyapata akiwa pamoja nao, huyu bwana aliyaachia. Alikuwa hajaiba yeye, lakini aliyaachia. Hilo nililifikiria jana tangu alasiri hadi magharibi, niko juu ya mkeka nachambua mchele.

Kwa hiyo ninachokuomba ni kimoja, na ukinikasirikia nitavumilia. Kabla hujapanda ndege, wapigie wale wawili, na mwamuzi pia. Waambie alisita, na ulijua. Alama zimeshakaa mahali pake, hakuna kitakachobadilika kwenye karatasi. Wapigie hivyohivyo.

Huko Nairobi, ukiulizwa "Alisita?", jibu ni "Ndiyo, alisita." Hilo tu, usiongeze "lakini". Kusita si kosa, kila mtu ana haki ya kufikiri. Kosa ni mwenzake kuokota. Na makubaliano yenu ya kunadi, ninyi wawili, si siri ya nyumbani. Dau lenye maana yake ya pekee mnalitangaza palepale, na mkiulizwa maana mnaieleza yote, pamoja na yale mnayoyajua kwa mazoea tu ya kucheza pamoja. Mwambie Rehema naye. Msichana mzuri, nampenda, ila ana woga wa kukosea na woga huo unamfanya aseme hapana haraka.

Kwenye kucheza karata zenyewe sina wasiwasi nawe, na hili naliandika ulisome mara mbili. Mimi sikuwahi kufika ulipofika. Nilikuwa mtu wa nne wa kujazia meza ya madaktari, wewe umechaguliwa. Jumatano kliniki ya macho niliwaambia wanawake watatu nisiowajua kwamba binti yangu anakwenda Nairobi kwa akili yake. Mmoja akauliza anakwenda kusoma nini, nikasema anakwenda kuhesabu.

Ila haraka! Haraka umezaliwa nayo, nilikuzalia njiani nusura. Karata za Rehema zikilazwa mezani, usiguse kitu. Hesabu kwanza zipi zako za uhakika, zipi za kutafuta, na ukimvizia mfalme ukamkosa itakuwaje. Ukiwa na dau la tatu bila turufu, wakakushambulia kwa kopa, nawe una ree na ndogo mbili tu, usiile ya kwanza wala ya pili. Ngoja ya tatu, ili yule mwenzake aishiwe kopa, akishika hana ya kumrudishia. Hili unalijua tangu kidato cha pili na bado mkono unakutangulia. Ukifikiri mapema, mwendo wako unakuwa mmoja, na mwendo ukiwa mmoja hauwi na kimya kinachosema. Na ukibaki na karata moja tu ya rangi iliyochezwa, iangushe. Usijifanye unachagua. Huko nako ni kusema uongo.

Sasa ya nyumbani. Salfa ya ruzuku tumepata mifuko mitatu, haitoshi mikorosho ya Naliendele, na ugonjwa wa ubwiriunga umeshaanza kuonekana kwenye maua ya kule bondeni. Kaka yako ameahidi kununua miwili, lakini ahadi zake unazifahamu. Kama una chochote, tuma kabla ya mwisho wa mwezi, kama huna usikope. Paa la jikoni linavuja palepale. Kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano nimeikuta ndani ya droo ya cherehani, nimeiweka boksini pamoja na picha mbili za pasipoti.

Boksini utakuta pia ming'oko imefungwa kwa gazeti, ichemshe siku hiyohiyo, pamoja na vikombe vitano vyenye ukingo wa buluu. Vilikuwa sita, vya harusi yetu. Cha sita nimekibakiza. Mwaka 1983 sukari ilikuwa ya kupangia foleni, na kila Ijumaa tulikuwa tunacheza na mwalimu mmoja na mkewe, nyumba ya pili kutoka kwetu. Walioshinda walichukua robo kilo, kila nyumba ikitoa nusu yake. Mkono wa kikombe ukielekea dirishani, ilikuwa kopa. Ukielekea mlangoni, shupaza. Nani alianza, mimi au baba yako, hatujakubaliana mpaka leo. Tulishinda masika yote. Mke wa mwalimu alikuwa na mimba ya miezi saba, na kliniki nilikuwa nampima mimi. Niliandika kwa mkono wangu kwenye kadi yake kwamba uzito hauongezeki, nikamshauri anywe uji wenye sukari. Alinishukuru. Mwezi wa sita wakahamishwa Nachingwea, nikasikia alijifungua salama, mtoto wa kiume. Nimewahi kufika Nachingwea kwa kazi mara nne baada ya hapo. Sikuuliza nyumba yao.

Vikombe vioshe kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, rangi inabanduka.

Nairobi mwezi huu kuna baridi, beba sweta lile zito na usijifanye umezoea. Usiache begi lenye pesa chini ya meza mnapocheza. Kula kabla ya kipindi cha jioni, wewe ukiwa na njaa unanadi kama umefukuzwa.

Boksi litafika Mbagala kati ya saa tisa na kumi jioni, kondakta ana namba yako. Ukilipokea piga simu, usingoje usiku, baba yako analala mapema siku hizi.

Nilikuwa nimeshamaliza, lakini baba yako ameamka kunywa maji, akaiomba barua. Ameisoma hadi kwenye vikombe. Amekaa muda mrefu barazani, taa imezimwa. Sasa amerudi, anasema nikuandikie kwamba namba ya mwamuzi umwombe Rehema, na uwapigie kabla ya Ijumaa.

Mama yako