Risala kwa mgeni rasmi baada ya matembezi ya Mayfair

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu, wazee wetu, akina mama, kaka na dada zangu, asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na waliobaki habari za mchana.

Kwanza tunakushukuru umekuja na umetembea na sisi toka Hyde Park Corner mpaka Grosvenor Square bila kulalamika, na viatu vyenyewe tuliviona havikuwa vya matembezi. Kikundi chetu ni cha watu wa Kiswahili tulioko hapa London, wauguzi, madereva, wanafunzi, wastaafu, tunakutana kuzunguka mitaa na kuyasoma masanamu. Leo tumekuleta Mayfair, mtaa wa matajiri haswa, sehemu kubwa ya ardhi ni ya ukoo wa Grosvenor, yaani familia ya Duke wa Westminster, kununua nyumba huku tusahau, ila masanamu yako nje na kuyaangalia hakuna kiingilio. Hilo ndo lilotuleta.

Mheshimiwa, pale kwenye sanamu ya Achilles, yule shujaa wa hadithi za Wagiriki, ulicheka na hatukulaumu. Lile lijitu ni la mwaka 1822, kazi ya Richard Westmacott kwa heshima ya Duke wa Wellington, jenerali wa Uingereza aliyemshinda Napoleon, shaba yake imeyeyushwa kutoka kwenye mizinga waliyoteka kwa Wafaransa, na hela zilichangwa na wanawake wa Uingereza, halafu linazinduliwa watu wanakuta mwanaume yuko uchi, jani la mtini lipo lakini halikuwanyamazisha. Wellington mwenyewe mwaka 1846 sanamu yake waliwahi kuipandisha na farasi wake juu ya tao lile la pale Hyde Park Corner, Wellington Arch, sanamu kubwa mpaka watu wakaigeuza kichekesho, mwishowe ikahamishiwa Aldershot, mji wa wanajeshi. Farasi wanne wa shaba walioko juu sasa hivi ni wa 1912, aliyewatengeneza ni Adrian Jones ambaye alikuwa daktari wa mifugo jeshini, ndo maana wale farasi ukiwaangalia unaona kabisa mtu huyu alikuwa anawajua.

Lakini sanamu ambayo kikundi chetu huwa kinasimama muda mrefu ni ile ya wapiga mizinga, Royal Artillery Memorial ya mwaka 1925. Juu kuna mzinga mkubwa wa mawe, sawa, hiyo utasema ni kawaida. Zunguka upande wa pili sasa. Kuna askari amelala amekufa, amefunikwa koti lake mwenyewe, uso huuoni, unaona buti tu zimetokeza. Charles Jagger aliyeichonga alipigana Vita ya Kwanza ya Dunia na akajeruhiwa, kwahiyo hakutaka kuwadanganya watu na malaika wenye mabawa, na wapo waliochukia wakati ule wakasema maiti siyo kitu cha kuweka barabarani. Sisi tunaona ndo sanamu ya kweli kuliko zote pale.

Sasa hapa, mheshimiwa mgeni rasmi, ndo tunapofika kwenye jambo letu. Hatua chache toka kwa Jagger yapo Memorial Gates, mageti ya kumbukumbu, yaliyozinduliwa na Malkia Elizabeth mwaka 2002, nguzo nne, kwa kumbukumbu ya watu milioni tano wa Bara Hindi, Afrika na Karibiani waliojitolea kupigana upande wa Uingereza vita zote mbili za dunia. Afrika ipo. Imeandikwa kwenye jiwe, neno moja, bara zima. Tulishukuru kuliona, tukapiga picha. Halafu tukapanda Park Lane tukakuta mnara wa wanyama waliotumika vitani, wa mwaka 2004, na pale nyumbu wawili wa shaba, wale wanaozaliwa na punda na farasi, wamebebeshwa mizigo wanapanda ngazi, kuna farasi, kuna mbwa, ukutani wamechongwa ngamia, tembo, mpaka njiwa. Na maandishi yanasema kwamba wao hawakuwa na hiari.

Mzee wetu mmoja aliposoma hayo maneno akauliza, na wapagazi je? Maana vita ya kwanza kule Afrika Mashariki mizigo ilibebwa na binadamu, mamia ya maelfu, wanyama walikuwa wanakufa na mbung'o, na Kenya toka 1915 sheria ya kikoloni iliruhusu watu wakamatwe kwa lazima wakabebe mizigo, wakafa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Sasa hao kwenye mageti ya waliojitolea hawaenei vizuri, na kwenye ukuta wa waliokosa hiari hawamo. Hatuna ugomvi na nyumbu, wamestahili. Tunachosema ni kwamba nyumbu ana sura na mpagazi hana.

Mheshimiwa, usiogope, hatukuombi sanamu, mtaa huu umejaa tayari. Tunaomba vitu viwili tu, utusaidie tuchapishe kijitabu cha Kiswahili cha matembezi haya, na utuunganishe na watu wa makumbusho ili simulizi za babu zetu ambazo wajukuu bado wanazikumbuka zirekodiwe kabla hazijapotea.

Kuhusu hela tumechukua mfano wa Roosevelt, yule rais wa Marekani, tuliyemwona pale Grosvenor Square, amesimama na fimbo yake. Ile sanamu ya mwaka 1948 ililipwa na wananchi wa kawaida wa Uingereza, na iliwekwa sheria kwamba mtu mmoja asizidishe shilingi tano za Uingereza za wakati ule, ili asije tajiri mmoja akasema ni ya kwake, na watu zaidi ya laki moja na nusu walichanga. Sisi tumeweka pauni tano, mwisho. Kitabu cha michango kiko kwa mhazini pale mlangoni, na hata wewe mheshimiwa mgeni rasmi ukitoa kumi atakurudishia chenji.

Tunaomba kuwasilisha.