Mafiga matatu si Mungu mmoja

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukuandikia hata mstari mmoja, kwa kuwa niliamini kwamba mtu mzima hana budi kumeza mengi. Taarifa yako ya wiki iliyopita kuhusu mjadala wa hadhara, ule uliouliza kama Wakristo kweli wanamwabudu Mungu mmoja, imenishinda kumeza. Mhadhiri wa Kiislamu aliyeuliza swali hilo hakunikera. Ni swali la haki, na lina umri wa karne nyingi. Aliyenikera ni Mkristo mwenzangu, mliyemnukuu kwa herufi nzito, aliyejibu kwamba Utatu, yaani Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, ni kama mafiga matatu yanayobeba sufuria moja.

Mfano huo naujua vizuri kwa sababu niliwahi kuutumia. Tulikuwa msibani Muheza, nami wakati huo nilikuwa nimetimiza miaka kumi na moja katika kazi ya ukatekista, mwenye majibu mengi. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, Mwislamu mpole asiyependa ubishi, aliniuliza kwa sauti ya chini, “Shemeji, hebu nieleweshe, ninyi mnao wangapi?” Nikamwonyesha wapishi waliokuwa uani. “Tazama,” nikasema, “mafiga ni matatu, sufuria ni moja.” Alilitazama lile jiko kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. “Sasa Mungu ni mafiga au ni sufuria? Kama ni mafiga, ni matatu. Kama ni sufuria, basi hayo mafiga ni nani? Na figa moja likiondolewa, ubwabwa si unamwagika?” Waliotuzunguka walicheka, msibani, na mimi nikakumbuka ghafla kwamba nilihitajika kwenye turubai la wageni.

Alikuwa na haki ya kunicheka, kwa sababu mafiga yale yanafundisha miungu mitatu inayosaidiana kazi, jambo ambalo Kanisa halijawahi kuliamini. Wanaokimbilia mfano wa maji, barafu na mvuke hawako salama zaidi: hilo ni fundisho la Sabelio, mwalimu wa kale, lililokataliwa tangu karne ya tatu, kwani kama Baba na Mwana ni kitu kimoja kinachobadili umbo tu, basi Yesu pale Gethsemane alikuwa akijiomba mwenyewe. Na mambo haya yalipiganiwa hapa hapa barani kwetu. Ario, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, alikuwa padri wa Aleksandria, Misri, naye Atanasi aliyempinga, askofu wa mji huo huo, alihamishwa kwa nguvu mara tano. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nikea wa mwaka 325 ulimkiri Mwana kuwa “mwenye umungu mmoja na Baba”, maneno ambayo waumini wetu huyatamka Dominika baada ya Dominika huku wakitafuta sadaka mfukoni. Baadaye, katika karne hiyo hiyo, askofu Gregori wa Nisa aliulizwa swali lile lile la shemeji yangu, akajibu kwamba wanadamu watatu huhesabiwa watatu kwa kuwa kila mmoja hufanya lake, lakini atendalo Mungu ni tendo moja, litokalo kwa Baba, kwa njia ya Mwana, katika Roho Mtakatifu. Kwa hiyo Ukristo ni dini ya Mungu mmoja. Yesu mwenyewe, alipoulizwa amri iliyo kuu, alianza na “Sikia, Israeli, Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja” (Marko 12:29). Mwislamu au Myahudi akisema kwamba umoja huo sio anaoukusudia yeye, amesema kweli na tusimpinge. Akisema tunahesabu watatu, amekosea, ingawa mara nyingi sisi ndio tuliomfundisha kuhesabu.

Hapo ndipo linapoingia darasa la kipaimara. Mtoto hukaririshwa “Mungu mmoja, nafsi tatu” na hupita bila kuambiwa kwamba “nafsi” hapa haina maana ile ya nyumbani, ya mtu na matakwa yake. Sikio la Mswahili husikia watu watatu, na halina kosa. Nanyi mkaongezea kichwa cha habari kisemacho “Miungu Watatu?”, ilhali Biblia husema “miungu mingine”. Anayetaka kutushtaki kwa kuabudu wengi na atushtaki, lakini kwa upatanisho wa ngeli ulio sahihi.

Naomba, kuanzia Sherehe ya Utatu Mtakatifu ijayo, ukatae kila makala yenye figa, yai, barafu au pembetatu, na mwandishi wake umtume akamweleze shemeji yangu kwanza. Mzee yule bado ananisubiri. Kila Idi hunialika pilau na kunikalisha karibu na jiko. Mwaka huu nasikia amenunua la gesi, la pleti mbili, na sijui atanitega kwa lipi.

Katekista mstaafu,
Tanga