Taarifa ya mwenyekiti: mwaka huu tuongelee uvimbe wa taya

Wanachama wenzangu wa kliniki za meno, habari zenu. Ada na mahesabu mhazini atawasomea mwenyewe, mimi muda wangu naomba niutumie kwa uvimbe wa taya, ule ambao sio kansa ila sisi ndio tunaouchelewesha.

Mwaka huu nilimpokea dada mmoja shavu limevimba miaka mitatu, haliumi, kashang'olewa magego mawili, antibaiotiki kameza dozi kibao kliniki tofauti tofauti na hakuna hata mmoja aliyempiga picha ya eksirei!! OPG, yaani eksirei ya taya zote, ilipotoka taya la chini lote la kushoto vyumba vyumba kama sega la nyuki, mizizi ya meno imeliwa. Biopsi, yaani kipimo cha kinyama, ikasema ameloblastoma, uvimbe unaotokana na seli za kutengeneza meno. Hii ukiikwangua tu inarudi, saa ingine hata baada ya miaka 10, kwahiyo alikatwa kipande kikubwa cha taya akawekewa pleti. Angepigwa picha mapema angekatwa kidogo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ila jamani picha peke yake haimalizi kesi. Kivuli cheusi kinachozunguka gego ambalo halijaota unaweza kusema ni sisti (kifuko cha majimaji) ya kawaida kumbe ni ameloblastoma ya chumba kimoja, au keratosisti, sisti yenye ukuta wa keratini, ambayo yenyewe inatambaa ndani ya mfupa kwa urefu na shavu linabaki zima kabisa. Shirika la Afya Duniani (WHO) 2005 waliiita keratosisti tyuma, yaani uvimbe halisi wa seli, 2017 wakairudisha kwenye sisti, jina linabadilika ila kujirudia ni kule kule. Na ukizikuta zaidi ya moja kwa kijana mdogo, uliza na ndugu zake, mkague na ngozi, inaweza kuwa Gorlin, ugonjwa wa kurithi.

Kwahiyo kabla hujashika koleo pima kwanza kama jino liko hai, maana sisti ya ncha ya mzizi inakaa kwenye jino lililokufa. Halafu vuta na sindano kilichomo ndani ya uvimbe. Ikija damu tupu, huenda ni uvimbe wa mishipa ya damu, simama hapo hapo, usikate, mpe rufaa. Kama hakuna damu hiyo chukua kinyama cha kutosha, weka kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, na fomu ijazwe umri, sehemu, na picha iende pamoja, watu wa patholojia, wanaopima vinyama maabara, hawawezi kusoma kipande kilichokuja na jina la mgonjwa tu.

Chupa za formalini nimeziweka pale mlangoni, kila mwenye kliniki achukue zake akitoka.