YAH: Baiskeli yenu "ya kila kazi" kuwa na gia za mashindano

Kwenu huduma kwa wateja,

Habari za kazi jamani. Mwezi uliopita nilinunua kwenu ile baiskeli mnayoitangaza kwamba ni ya safari ndefu na ya kwendea kazini, ina karia, ina madigadi, halafu kwa maandishi makubwaa GIA 20. Mi nikaamini. Kosa langu ni moja tu, sikuhesabu meno ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayopitisha cheni.

Nimekuja kuyahesabu nimekaa pembeni ya barabara nahema, baada ya kushuka na kuisukuma mlimani ikiwa na mzigo wa kilo 20. Mbele sproketi ni mbili, za meno 50 na 34, nyuma zinaanzia meno 11 zinaishia 28. Sasa hizo si gia za mtu wa mashindano asiyebeba hata koti? Gia yenu nyepesi kuliko zote, 34 mbele kwa 28 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja baiskeli inasogea kama mita 2 na nusu, na mimi mlimani na mzigo naenda kilomita 5 kwa saa, pigeni hesabu wenyewe, ni mizunguko kama 33 tu kwa dakika, yani kila mzunguko ni kama unapanda ngazi na gunia mgongoni na anayeumia ni goti. Zile baiskeli za safari zenye sproketi tatu mbele, 48, 36 na 26, ukiziwekea 34 nyuma, kwa gia nyepesi ya 26 kwa 34 mwendo huohuo unazungusha mara 52. Unafika umechoka lakini umefika umekaa kwenye siti.

Na hiyo gia nzito kuliko zote, 50 kwa 11, ni ya nini? Nikizungusha mara 90 kwa dakika natakiwa niwe kwenye kilomita 51 kwa saa. Na mabegi mawili nyuma! Mteremko wa kunifikisha huko mi nitakuwa nimeshika breki, sio napiga pedeli.

Halafu hizo 20 zenyewe sio 20. 50 kwa 19 na 34 kwa 13 ni uzito uleule, na ziko zingine zinakaribiana hivyohivyo. Mngetangaza ile nyepesi ina meno mangapi ingenisaidia zaidi.

Nilipowaandikia mara ya kwanza mkanijibu nifanye mazoezi, mwili utazoea. Sawa. Nikaipeleka kwa fundi aweke kaseti, yaani seti ya sproketi za nyuma, ya meno 11 mpaka 34, akacheka, akasema hicho kihamisha cheni cha nyuma kina mkono mfupi, hakiwezi, kinatakiwa cha mkono mrefu na cheni ndefu, na mbele boliti zimekaa kwenye duara la milimita 110 kwahiyo sproketi ya meno 30 haikai hata ukilazimisha, labda krenki nzima, ile mikono ya pedeli na sproketi zake, itoke. Sasa hapo mi si naunda baiskeli nyingine?

Ninachoomba sio kikubwa. Niwekeeni krenki ya 46 na 30, kaseti ya 11 mpaka 34, na kihamisha cheni kinachoendana nayo, kwa gharama zenu. Sihitaji hata hiyo sproketi ya tatu. Kama haiwezekani chukueni baiskeli yenu mnirudishie hela yangu yote.

Baiskeli bado iko kwa fundi na kazini saivi naenda kwa miguu. Nasubiri jibu ndani ya wiki mbili, na tafadhali sana lisiwe la mazoezi tena.

Mteja wenu